Dhoruba ya Kivu: si kila ufukwe ni kimbilio

Kwa Mhariri,

Makala yenu juu ya usalama ziwani ilimalizia na shauri moja: upepo ukianza, kila boti ikimbilie nchi kavu iliyo karibu. Msomaji aliyekaa Nyawera, mjini Bukavu, ataliona la busara. Sisi tunaoendesha boti kati ya Bukavu, kisiwa cha Idjwi na Goma, upande wa Kongo, tunaomba mlirekebishe, kwa sababu hilo ndilo linalovunja boti nyingi.

Ziwa Kivu linafikia kina cha mita 480 hivi, na kingo zake, hasa upande wa Kalehe, magharibi, mahali pengi zinashuka wima. Hakuna mchanga wa kupandia, ni mwamba. Wimbi likigonga mwamba halifi; linarudi, na likikutana na linalokuja, maji yanaruka juu kama sufuria inayochemka. Boti iliyokuwa inayavumilia mawimbi ya mita moja katikati ya ziwa, ikifika mita hamsini kutoka ufukweni inapigwa kutoka kila upande, na nahodha hajui tena aelekeze pua wapi. Upande wa Goma kuna lava. Ile ya Januari 2002 iliingia mpaka ziwani, na makali yake yanakata kamba na kutoboa mbao. Na msitegemee nanga. Kamba yake inataka urefu wa mara tano hadi saba ya kina, maana yake kamba ya mita 40 inashika vizuri kwenye kina cha mita 6 hadi 8 tu. Kwenye Kivu ukishapata kina hicho, tayari uko juu ya mawe.

Nahodha ajiulize kwanza upepo unampeleka wapi. Ufukwe ulio upande upepo unakotoka unamkinga: upepo ukishuka kutoka milima ya Kalehe, maji yaliyo chini ya milima hiyo yanakuwa matulivu kuliko ya katikati, na Idjwi nayo daima ina upande mmoja usio na mawimbi makubwa. Ufukwe ambao upepo unakusukumia ndio wa kuogopa, hata kama unaona taa za nyumba. Ghuba iliyojikunja inafaa, mradi uingie kabla mvua haijafunika macho. Kabuno, karibu na Sake, mdomo wake ni mwembamba na ndani kunatulia, lakini atakayelala huko asitandike kwenye bonde: mazuku, ile gesi nzito inayotoka ardhini, inajikusanya mabondeni na kuua mtu usingizini.

Dhoruba zetu mara nyingi zinajitangaza. Kabare, hapo juu ya Bukavu, kwenye hesabu za radi zilizofanywa kwa satelaiti imewekwa ya pili duniani nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa hiyo umeme wa kukuonya hautakosa. Ukimulika, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike, gawanya kwa tatu: sekunde 30 ni kilomita 10. Upepo unaotangulia mvua ukienda kilomita 40 kwa saa, utakufikia baada ya robo saa. Hewa ikipoa ghafla na mstari mweusi ukaonekana juu ya maji, hata hiyo robo saa huna.

Katika muda huo bashi, lile turubai la kufunika abiria, ndiyo ya kwanza kushushwa. Abiria watalalamika kwamba watalowa, na walowe. Bashi iliyosimama inashika upepo na kuilaza boti, na boti ikipinduka inawafungia watu chini yake. Kisha gile, yaani jaketi za kuokolea, zivaliwe na kufungwa, watu washuke kutoka kwenye mabenchi wakae sakafuni katikati, na dira isomwe wakati Idjwi bado inaonekana. Mvua ikishika hutaona hata pua ya boti yako mwenyewe.

Moteri inataka maneno zaidi, kwa sababu huwa inazimika saa hiyo hiyo na watu wanasema ni bahati mbaya. Kwenye bidoni ya esanse, yaani dumu la petroli, maji na uchafu vinatulia chini. Mawimbi yakiitikisa, mpira wa kupeleka esanse kwenye moteri unavuta vyote. Weka kichungio chenye kikombe cha kuonea maji, ukimwage kabla ya safari. Bidoni iliyobaki robo ikilala upande, mpira unavuta hewa, basi badilisha bidoni kabla upepo haujafika, na hakikisha skrubu ya hewa kwenye kifuniko iko wazi. Halafu tazama ule mkojo wa maji unaotoka nyuma ya moteri. Kwenye ghuba ya Bukavu mvua inashusha mifuko na chupa za plastiki, zile zile zinazosumbua mitambo ya bwawa la Ruzizi, na mfuko mmoja ukifunika tundu la kuvutia maji ya kupozea, moteri itaungua. Mkumbuke pia kwamba tuko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Moteri inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, hivyo yenye nguvu za farasi 40 huku inatoa kama 34. Anayepakia kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye kofia ya moteri amejidanganya.

Ili kuondoa huo mfuko ni lazima uzime na kuinua moteri, na boti isiyo na moteri inajigeuza ubavu kwa mawimbi. Ndiyo maana kila boti inahitaji nanga ya kuelea. Shona turubai nzito kwa umbo la koni, mdomo wa sentimita 60 hadi 75, ncha uiache na tundu la sentimita 8. Kamba iwe ya milimita 12, mita 30, na ifungwe mbele kwenye nguzo imara, kamwe si kwenye benchi. Ikishuka majini inaishika pua iutazame upepo. Ndoo ya plastiki peke yake haitoshi kwa sababu mpini unang'oka. Ukiwa huna kingine, ifunge ndani ya kipande cha wavu.

Moteri ikiwa inafanya kazi, usiyapige mawimbi uso kwa uso. Yapande kwa mshazari kidogo, mwendo mdogo wa kukuwezesha kushika usukani tu, ukipunguza kila unapofika kileleni ili panga la moteri lisizunguke hewani. Kugeuza subiri: mawimbi makubwa huja machache kwa mfululizo, halafu panatulia kidogo. Geuka hapo, kwa nguvu, mara moja.

Wachache wenye mashua za tanga wana njia iliyo bora zaidi, na inashangaza jinsi isivyotumika. Punguza tanga kuu mapema, kwa sababu upepo ukiongezeka mara mbili nguvu yake inaongezeka mara nne. Acha kipande kidogo cha tanga la mbele, ukivute upande upepo unakotoka; kamba ya tanga kuu ilegeze kiasi, na mkono wa usukani uufunge upande wa pili, ule upepo unakokwenda. Mashua inakaa karibu mahali pamoja, ikisukumwa kilomita mbili au tatu kwa saa. Dhoruba nyingi hapa hazimalizi saa moja. Mwenye kilomita tano za maji upande upepo unakompeleka ana nafasi tele. Aliyekimbilia ufukwe amejinyima nafasi hiyo.

Maji yakiingia, yakumbwe tangu kikombe cha kwanza. Sentimita 10 kwenye sakafu ya mita 8 kwa 1 ni lita 800, yaani kilo 800, nazo zinakimbilia upande ulioinama. Hakuna ufundi unaoiokoa boti ambayo ukingo wake uko sentimita 20 tu juu ya maji wakati wa kung'oa nanga. Ile iliyopinduka tarehe 3 Oktoba 2024 mbele ya Kituku, bandari ya Goma, ilikuwa imejaa kupita kiasi, na gati ilikuwa inaonekana.

Boti ya mbao ikipinduka haizami mara moja, kwa kawaida inaelea. Shikeni mbao, msiogelee kuelekea taa za Goma; kwenye maji ya nyuzi 24 mtu aliyetulia anasubiri saa nyingi, anayeogelea anachoka upesi.

Na ile picha mliyochapa: abiria amevaa gile lakini mkanda wa kupita katikati ya miguu unaning'inia. Akianguka hivyo, gile itampanda mpaka masikioni na mdomo wake utabaki majini. Mkiirudia makala, tafuteni picha nyingine.

Manahodha wasomaji wenu,
Bukavu