Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeteuliwa kwenye kamati

Mdogo wangu,

Habari za uteuzi wako nimezipata kwa shangazi. Alinitumia picha ya barua ile kwenye simu. Hongera sana. Naisema kwa moyo mkunjufu, maana nakumbuka ulivyoapa baada ya ajali kwamba hutatoka nje ya geti watu wakuone. Leo mguu wa bandia unakupeleka halmashauri, kukaa kwenye Kamati ya Watu Wenye Ulemavu. Mama angepika biriani akalisha mtaa mzima.

Shangazi anasema unauliza watu huko ukafanye nini. Mimi hukuniuliza. Nitakujibu hivyo hivyo.

Kiti hicho hukupewa kwa huruma ya mtu. Kamati hizi zimo kwenye Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010, kuanzia vijijini na mitaani kwenda juu, na kitaifa lipo Baraza la Ushauri. Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mkataba unaitaka serikali ishauriane nasi kupitia vyama vyetu. Basi usikae kwa unyenyekevu wa mgeni. Ila jua pia kwamba kazi yenu ni kushauri, na ushauri ambao haukuingia kwenye muhtasari haupo. Ukisema jambo, hakikisha katibu ameliandika, pamoja na idara itakayolifanyia kazi na tarehe ya kuleta majibu. Kikao kinachofuata, mkifika kwenye yatokanayo, liulize tena. Wala usikubali mambo yetu yawekwe kwenye mengineyo, saa ambayo wajumbe wameshafunga mikoba na macho yapo mlangoni.

Bajeti nayo ina msimu wake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango huanza kukusanywa miezi mingi nyuma. Ukizinduka Juni na hoja ya choo cha zahanati kisichopitisha kiti mwendo, utaambiwa subiri mwakani. Na kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri huitenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na sisi, asilimia 2 ya mapato hayo ni mikopo ya watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata, na wapo watu wa vijijini ambao mpaka sasa hawajui kama imerudi. Usiridhike kuambiwa kwamba fedha zimetengwa. Uliza waliopata ni akina nani, wa kata zipi, wasioona wamo wangapi, viziwi wangapi, na tangazo liliwafikiaje. Kiziwi hasikii gari la matangazo.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Wewe utapigania ngazi za ofisi na milango mipana, na ni haki yako, maana unazipanda ngazi hizo kwa maumivu. Lakini hukuteuliwa kuusemea mguu wako peke yake. Nenda kwenye vyama kabla ya kila kikao: nenda kwa viziwi, kwa wasioona, kwa wenye ualbino, kwa akina mama wanaobeba mgongoni watoto wakubwa wenye mtindio wa ubongo. Wasikilize, kisha urudi kuwaambia kilichojibiwa, hata kama jibu ni hapana. Na kama mjumbe mmojawapo ni kiziwi, kikao kisianze bila mkalimani wa lugha ya alama. Kikiwa kirefu wawe wawili wapokezane, maana mikono huchoka na kichwa huchoka zaidi. Asiletwe ndugu yake. Ndugu hukata maneno, hulainisha, huchagua cha kusema na cha kuacha.

Unajua ninachokisema.

Siku ya kikao cha ukoo, baada ya arobaini ya mama, nilikaa karibu na mlango ili niione midomo ya baba mkubwa. Akageuka kuongea na wale waliokaa dirishani. Nikabaki na visogo. Nikakutazama wewe, maana kwenye chumba kile wewe peke yako ndiye uliyekuwa na lugha yangu. Ulijifunza herufi za vidole kwenye ile kadi niliyotoka nayo shule, kabla hujajua kuandika jina lako. Ulikuwa ukipiga sakafu kwa kisigino ili nigeuke, halafu unanisimulia taarifa ya habari ya redio mpaka mama anakufukuza ukalale. Siku ile mikono yako ilikaa juu ya magoti. Nilikuuliza wanasema nini. Ukanijibu kwa ishara moja: baadaye. Nikauliza tena, ukatazama chini. Kisha watu wakainua mikono kuomba dua, nami nikainua, nikaitikia amina kwa mambo nisiyoyajua.

Hiyo baadaye haikufika. Kwamba nyumba imepangishwa nililijua nilipokuta nguo za watu wengine kwenye kamba ya mama.

Uliniandikia kwamba ulikuwa na majonzi, hukuweza. Mimi pia nilikuwa nimefiwa, na mama ni huyo huyo.

Najua inasemwa kwamba nilisusia harusi yako. Mchango wangu ulifika, tena mapema. Khanga za mkeo nilizichagua mwenyewe. Nilichoshindwa ni kukaa mbele ya ukoo ule ule, na baba mkubwa yule yule ameshika kipaza sauti, nikitabasamu kila wanapotabasamu. Walioniita mwenye kiburi hawajawahi kukaa hata saa moja kwenye kikao cha kwao wasielewe neno. Nimefanya hivyo tangu homa ile ya darasa la nne, nami nina haki ya kuchoka. Mkeo umwambie hivyo, maana sidhani kama umemwambia. Na lile bomba la uani limetengenezwa? Shangazi anasema ukuta umeanza kuloa.

Utakuwa mjumbe mzuri. Una kumbukumbu, una ulimi, huogopi wakubwa isipokuwa wa nyumbani kwetu. Ukiona mjumbe yeyote anatazama midomo ya watu bila kuelewa, simamisha kikao. Usimwambie utamweleza. Mwenyekiti akikereka, akereke.

Halafu tupange siku ya kuzungumza habari ya nyumba. Baba mkubwa awepo, na shangazi, na ajenda iandikwe nipewe kabla. Mkalimani nitamtafuta na kumlipa mwenyewe. Sitaki ufanye kazi hiyo. Siku hiyo nataka wewe mwenyewe useme, mbele yangu, ulikubali nini na kwa nini.

Dada yako