Muuguzi wa leo hakukikimbia kitanda cha mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu lawama inayosikika kila mahali hapa Masasi, kuanzia stendi hadi kwenye maghala ya korosho, kwamba manesi wa siku hizi wanashinda mezani wakiandika huku mgonjwa akiogeshwa na kulishwa na ndugu zake. Kazi hiyo niliifanya mpaka nikastaafu, na wanachokiona wananchi ni kweli. Ninachokikataa ni sababu wanayoitoa, yaani uvivu na kukosa wito.

Tulipoanza sisi, kazi ilikuwa nyingi lakini mipaka yake ilijulikana. Tulichemsha sindano za kioo, tukakata na kukunja gozi za kufungia vidonda, tukatandika vitanda, tukawageuza wagonjwa wasiojiweza ili wasipate vidonda vya kulala, na daktari alipopita wodini tulimfuata nyuma na trei mkononi tukisubiri agizo. Kumuuliza kwa nini ameandika dawa hii na si ile kulihesabiwa utovu wa adabu. Wenzangu wengi wanazitamani enzi hizo. Mimi sizitamani, maana mgonjwa alitandikiwa shuka likanyooka kweli, lakini macho yetu yaliyomtazama kutwa nzima hayakuulizwa yameona nini.

Nenda leo kwenye zahanati ya kijiji huko Tandahimba au Nanyumbu. Muuguzi aliye zamu ndiye anayepima malaria kwa kipimo cha haraka na kutoa dawa mseto, ndiye anayechanja watoto, ndiye anayeweka vipandikizi vya uzazi wa mpango, na mara nyingi usiku huzalisha akiwa peke yake. Mtoto akitoka bila kulia, muuguzi huyo ana dakika moja tu: amkaushe, amsugue mgongo, na asipopumua amwekee barakoa usoni na kumminyia hewa kwa mfuko, huku mama naye akihitaji sindano ya oksitosini ya kumkinga asitokwe damu nyingi. Hapo hakuna agizo la daktari la kusubiri. Na kwa kuwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka afanye kazi kwa leseni na awajibike mwenyewe mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, hana tena mgongo wa mtu wa kujificha nyuma yake, kama tulivyokuwa nao sisi.

Kisha yaja maandishi. Wakati wa uchungu anajaza partografu, yaani chati ya kufuatilia mwenendo wa uchungu na hali ya mama na mtoto. Mama akishajifungua anajaza kadi ya mama, kadi ya mtoto na vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya, ambavyo takwimu zake hujumlishwa kila mwezi na kupelekwa wilayani. Sisemi kwamba takwimu si kazi ya muuguzi. Florence Nightingale, Mwingereza mwasisi wa uuguzi wa kisasa, ambaye siku yake ya kuzaliwa, Mei 12, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani, alitumia hesabu na michoro kuwaonyesha wakubwa wa Uingereza kwamba katika vita vya Krimea askari wengi zaidi waliuawa na maradhi kuliko majeraha. Ila hesabu zile alizichambua vita vimekwisha, si usiku wa manane huku mama akisukuma.

Ukali wa ulimi, ambao baadhi ya wauguzi wanao, siutetei hata kidogo. Lakini kuogesha na kulisha hakukuachwa kwa dharau: majukumu mapya yaliongezwa juu ya yale ya zamani bila mikono kuongezwa kwa kiasi hicho, na kazi isiyojazwa kwenye fomu yoyote ndiyo iliyotangulia kudondoka.

Halmashauri zetu za Mtwara na Lindi hukusanya ushuru wa korosho kila msimu. Naomba madiwani, watakapokaa kupitisha bajeti, watenge sehemu ya fedha hizo kuajiri kwa mkataba wahudumu wa afya wa kusaidia wodini na makarani wa kujumlisha takwimu, hata kama karani mmoja atazunguka zahanati tatu au nne. Vilevile ratiba ya zamu ibandikwe nje ya mlango wa kila zahanati, ili mwananchi anayelalamika aone kwanza ni wauguzi wangapi walioko kazini usiku huo.

Muuguzi Mstaafu,
Masasi, Mtwara.