YAH: Malalamiko ya kuitwa mlevi ndani ya ndege yenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nawasalimu kwanza, maana nimelelewa kusalimia hata nikiwa na hasira.

Kanuni za vinywaji mnazijua kuliko mimi, kwa hiyo naanza na mfuko. Konyagi mbili za mililita 750 nilizinunua duka lisilo na ushuru, jengo la tatu la abiria, Dar es Salaam. Zikatiwa kwenye ule mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, wenye ukingo mwekundu, risiti humo humo, ukafungwa. Muuzaji akaniambia, "Mama, usiufungue mpaka ufike mwisho wa safari." Sikuufungua. Aliyeufungua ni mfanyakazi wenu, amevaa sare yenu, mlangoni pa kupandia ndege ya pili, kwa mkasi, eti anakagua risiti. Risiti ilisomeka hata kwa nje! Nilipomuuliza nani ataufunga tena, alinipungia mkono nipite.

Baada ya chakula niliomba soda ya tangawizi ya pili. Mhudumu wenu akauona mfuko uliokatwa chini ya kiti cha mbele yangu, akauvuta, akanyanyua chupa juu ya vichwa vya watu na kusema kwa sauti ya mnadani: "Mama, umekunywa pombe uliyokuja nayo. Hupewi kitu tena mpaka tutue." Watu wote wa nyuma waligeuka.

Najua abiria haruhusiwi kunywa chupa aliyopanda nayo, anakunywa anachomiminiwa na mhudumu tu. Sibishani na hilo. Lakini vizibo vyote viwili vilikuwa havijaguswa, na jirani yangu wa dirishani alikuwa kwenye bia ya tano, zote mmempa ninyi, huku anaimba. Yeye aliitwa bwana mkubwa. Ningekuwa nimepanda Saudia au Kuwait Airways, ambako pombe haitolewi kabisa, ningesema hawa wana msimamo wao. Ninyi mkono mmoja unamimina, wa pili unasonta watu.

Chupa zenyewe hazikufika. Ujerumani, kwenye ukaguzi wa kuunganisha ndege ya Hamburg, mfuko ukishafunguliwa hauhesabiki tena. Inabaki ile kanuni ya kutopita na chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100, na Konyagi zangu zikaingia pipani. Yule mkaguzi simlaumu. Zilikuwa za kaka yangu, ambaye kwa miaka 12 hajaionja Konyagi. (Mtaniuliza kwa nini sikuziweka kwenye sanduku. Kwa kilevi cha asilimia 35 zinaruhusiwa, ndiyo, ila nimeshaona mnavyotupa masanduku ya watu.)

Nirudi ndani ya ndege, maana kuna jambo nimeliruka hapo juu kwa aibu. Kabla hajanyanyua chupa, mhudumu huyo aliinama akaninusa mdomo. Alininusa kama mtu anayechagua samaki Feri! Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 63, nimeokoka, nimezaliwa Moshi na hata mbege sijawahi kuonja. Ndipo akainyanyua chupa, akaitikisa, imejaa mpaka shingoni, na bado akasema yale maneno kuwa nimekunywa na sipewi kitu. Mtoto wa kiti cha nyuma akauliza kwa Kiswahili, "Mama, huyu bibi amelewa?" Mama yake alimwambia nyamaza. Hakumwambia hapana.

Nilipoanza barua hii nilitaka bei ya chupa mbili na kuombwa radhi. Sasa nataka na nauli ya kipande kile cha safari. Nataka pia jina langu lifutwe kwenye taarifa yoyote ya abiria mlevi aliyoiandika, na nithibitishiwe kwa maandishi. Radhi yenyewe isainiwe na mkubwa wenu, si ile ya kompyuta inayoanza "Mpendwa Mteja". Nawapa siku 14. Zikipita, barua hii itakwenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na madai yatapanda, kwa sababu kunuswa sijakuwekea bei bado. Wakili atanisaidia kupanga.

Risiti na picha ya mfuko uliokatwa nimeambatanisha. Tiketi yangu ya kurudi ni ya ndege yenu hiyo hiyo, na nitapanda, kwa kuwa nimeshalipa. Mhudumu huyo asinikaribie.

Abiria wa kiti 34C,
Hamburg

Nakala: Wakili wangu