Mzazi, usiridhike na muhuri wa ithibati mlangoni

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wazazi wanaotumia Kiswahili walioko Marekani, pamoja na ndugu zao waliobaki nyumbani ambao hupigiwa simu kuombwa ushauri, kuhusu vituo vya bweni vinavyotibu vijana wenye maradhi ya akili. Mzazi anapoambiwa kwamba mwanawe anahitaji kukaa miezi kadhaa katika kituo cha aina hiyo, mara nyingi jambo la kwanza analotajiwa ni ithibati, yaani uthibitisho kwamba kituo kimekaguliwa na kutimiza viwango. Kituo kina muhuri, anaambiwa, na muhuri umetundikwa pale mapokezi. Wengi hushusha pumzi, wakatia saini. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi na ustawi wa jamii huku tunasema muhuri huo una maana, ila maana yake ni finyu kuliko inavyodhaniwa.

Leseni na ithibati ni vitu viwili. Leseni hutolewa na serikali ya jimbo. Ithibati hutolewa na shirika lisilo la serikali, kituo chenyewe ndicho kinachoiomba, na ni kituo hichohicho kinacholipia ukaguzi. Mashirika yanayojulikana zaidi ni matatu: Joint Commission, lililoanzishwa 1951 na ambalo muhuri wake ni wa rangi ya dhahabu, CARF la Tucson, Arizona, lililoanza 1966, na COA la 1977, ambalo sasa liko ndani ya shirika la Social Current. Wasomaji wa Nairobi huenda wanalifahamu la kwanza, kwa kuwa tawi lake la kimataifa liliipa ithibati Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan mwaka 2013. Lakini viwango vya hospitali kubwa yenye vyumba vya upasuaji si viwango vya bweni la vijana, na sifa ya moja haihamii kwa lingine.

Ithibati hiyo huitwa ya hiari. Kisheria ni kweli, ila fedha zimeipunguzia sana hiari yake. Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, hailipii matibabu ya akili ya bweni kwa kijana wa chini ya miaka 21 katika kituo kisicho na ithibati ya mojawapo ya mashirika hayo, au ya shirika jingine linalokubaliwa na jimbo. Kwa watoto walio chini ya uangalizi wa serikali, sheria ya Family First ya Februari 2018 ilikwenda mbali zaidi: isipokuwa kwa aina chache za makazi, kituo kisichotimiza masharti, ithibati ikiwamo, hupoteza fedha za serikali kuu baada ya mtoto kukaa humo wiki mbili. Sheria hiyo ina mambo mema ambayo familia nyingi hazijaambiwa. Mtaalamu asiye mfanyakazi wa kituo anapaswa kumpima mtoto ndani ya siku 30 na kusema kama kweli anahitaji bweni. Mahakama ipitie uamuzi huo ndani ya siku 60. Na mtoto akishatoka, familia ifuatiliwe na kusaidiwa kwa miezi 6 au zaidi. Kama mwanao yuko katika mpango huo na hujaona karatasi ya tathmini wala tarehe ya mahakama, mwulize afisa wa kesi leo.

Sasa ukaguzi wenyewe. Wakaguzi hukaa kituoni siku chache. Husoma kanuni za kituo, huchukua faili la mtoto na kulifuata tangu alipopokelewa, huzungumza na wafanyakazi na baadhi ya watoto, kisha huandika mapungufu. Kituo hutakiwa kueleza kwa maandishi kitakavyoyarekebisha. CARF hutoa ithibati ya miaka 3 au ya mwaka 1, na ile ya mwaka 1 ina maana kwamba palikuwa na upungufu mkubwa. Kwa hiyo neno “tuna ithibati” peke yake halijakueleza kitu. Ya COA hudumu miaka 4. Katika miaka hiyo yote wafanyakazi huacha kazi, mkurugenzi hubadilika, kampuni huuzwa, na cheti kinabaki ukutani.

Kuna matatizo ambayo ukaguzi wa namna hii huyakosa, na sababu zake zinajulikana. Ziara ikitangazwa mapema, zamu hujazwa watu. Ziara hufanyika mchana, wakati madaktari, walimu na mameneja wote wapo, ilhali hatari kubwa iko usiku na mwisho wa wiki. Watoto wa kuhojiwa wakipendekezwa na kituo, wanaofika mbele ya mkaguzi ni wale watulivu. Tena viwango vingi huuliza kama kuna utaratibu ulioandikwa, na kuandika utaratibu ni kazi ya wiki moja.

Chukua karatasi ya ulinzi wa usiku. Mtoto aliye katika hatari ya kujidhuru huangaliwa kila dakika 15, na mfanyakazi huandika saa aliyomwona, alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini. Karatasi ya kweli ina saa zisizolingana: saa nane na dakika mbili, saa nane na dakika kumi na tano, saa nane na dakika ishirini na nane. Ukiona saa nane kamili, na robo, na nusu, kasorobo, usiku kucha, kwa mwandiko uleule na neno “amelala” kila mstari, basi uwezekano mkubwa ni kwamba ilijazwa kwa mkupuo. Chanzo chake mara nyingi ni uchache wa watu. Mfanyakazi mmoja akiachiwa vyumba kumi, na mtoto mmoja akatapika au akapandwa na hofu, wengine tisa hawaonwi na mtu. Karatasi hujazwa baadaye kwa sababu kila mtu anajua mkaguzi hutafuta nafasi zilizoachwa wazi.

La pili ni kumshika mtoto kwa nguvu au kumfungia peke yake. Kanuni za serikali kuu kwa vituo vya Medicaid ziko wazi. Hatua hiyo ni ya dharura tu, haiagizwi mapema kwa kusema “akisumbua mshikeni”. Amri moja haizidi saa 4 kwa wenye miaka 18 hadi 21, saa 2 kwa wenye miaka 9 hadi 17, na saa 1 kwa walio chini ya miaka 9, na hatua ikome mara dharura inapoisha hata kama muda wa amri haujaisha. Ndani ya saa moja mtaalamu aliyefunzwa amwone mtoto ana kwa ana na kupima mwili na akili yake. Ndani ya saa 24 wafanyakazi waliohusika wakae na mtoto wazungumze kilichotokea. Mzazi wa mtoto mdogo wa umri aarifiwe mapema iwezekanavyo. Ukisoma fomu na kukuta tukio limekwisha dakika chache kabla ya kutimia zile saa 2 za amri, kisha jingine limeanza muda mfupi baadaye, hapo pana amri mbili zilizounganishwa. Ukikuta maneno ya mtoto katika kikao cha baadaye yanafanana neno kwa neno kutoka tukio hadi tukio, kikao huenda hakikufanyika.

Omba hesabu ya matukio ya miezi 12. Idadi tupu haisaidii, kwa sababu vituo vinatofautiana ukubwa. Zidisha wastani wa watoto kwa idadi ya siku, ugawe matukio kwa jibu hilo, kisha uzidishe kwa 1,000. Kituo chenye watoto 40 kwa siku 30 kina siku 1,200 za ulazwaji. Matukio 18 ni sawa na 15 kwa kila siku 1,000. Idadi ndogo mno nayo isikupumbaze. Iweke kando ya sindano za kutuliza zilizotolewa, wafanyakazi walioumia na simu zilizopigwa polisi. Kushikwa kukipungua huku sindano zikiongezeka, mtoto hajapata nafuu yoyote.

Hatuna haja ya kubuni mifano ya madhara. Juni 2024 Kamati ya Fedha ya Seneti, chini ya Seneta Ron Wyden, ilitoa ripoti ya uchunguzi wa kampuni kubwa nne za vituo hivi. Ilikuta unyanyasaji wa kimwili na wa kingono, matumizi mabaya ya kushika na kufungia, na matibabu haba, ikasema madhara hayo yanatokana na mfumo wenyewe wa biashara. Desemba mwaka huohuo ilitiwa saini sheria inayoagiza Akademia za Taifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba zichunguze sekta hii. Ni hatua, lakini ni ya utafiti. Utah ilifanya jambo la kushikika zaidi mwaka 2021: ukaguzi wa serikali mara 4 kwa mwaka, na mawasiliano ya faragha kati ya mtoto na familia kila wiki.

Uingereza inatufunza namna ithibati ya hiari inavyoweza kuboreshwa. Mtandao wa QNIC wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Akili, ulioanza 2001, hupeleka katika wodi ya vijana timu ya wafanyakazi wa wodi nyingine pamoja na vijana au wazazi waliowahi kupita humo. Viwango vimepangwa kwa madaraja: vile vya usalama, haki na utu lazima vitimizwe kwa asilimia 100, vya daraja la pili asilimia 80, vya tatu asilimia 60. Huwezi kufidia mtoto kunyimwa usalama kwa kuwa na bustani nzuri. Tungependa mashirika ya Marekani yachukue utaratibu huo, yachapishe ripoti nzima badala ya jina na tarehe tu, yafike usiku bila taarifa, na yachague yenyewe watoto wa kuwahoji, wakiwamo waliokwisha kutoka.

Kabla ya hayo, mzazi afanye haya. Linganisha anwani na jina la programu kwenye cheti na mahali mwanao atakapolala, kwa sababu kampuni yenye vituo kumi yaweza kuonyesha cheti cha kimoja. Omba ripoti ya mwisho ya ukaguzi na mpango wa marekebisho. Kituo kinaruhusiwa kukupa, na kikikataa umejifunza jambo. Uliza ni wafanyakazi wangapi hukaa macho usiku, na daktari wa akili humwona mtoto ana kwa ana mara ngapi. Mpango wa matibabu unapaswa kuwa tayari ndani ya siku 14 na kupitiwa kila siku 30, dai kuwamo.

Na lugha. Kituo kinachopokea fedha za serikali kuu kina wajibu wa kukupatia mkalimani bila malipo, na mdogo wa mtoto mgonjwa asifanywe mkalimani wa kikao. Uliza kwa maandishi kama mtoto ataruhusiwa kuzungumza Kiswahili nawe kwa simu. Mtoto asiyeweza kumweleza mama yake kilichompata, kwa lugha ambayo mama anaielewa, hana wa kumlalamikia.

Ukiona dalili mbaya, usingoje ukaguzi ujao. Lalamika kwa idara ya leseni ya jimbo na kwa shirika lililotoa ithibati, yote hupokea malalamiko ya umma. Kila jimbo pia lina ofisi ya utetezi iliyowekwa chini ya sheria ya 1986 ya kulinda watu wenye maradhi ya akili, nayo ina mamlaka ya kuingia kituoni, kuzungumza na mtoto faraghani na, kwa masharti ya sheria hiyo, kusoma kumbukumbu zake. Andika tarehe, saa, jina la uliyezungumza naye na alichokujibu, na ubaki na nakala.

Wauguzi na maafisa ustawi wa jamii,
Marekani