Naitrojeni haiishii kwenye pipa

Umoja, Nairobi

Ndugu yangu Wanjala,

Salamu kwako, kwa Mama Neema na watoto. Huku sisi wazima, ila baridi ya Julai imetukamata na kila ploti inanuka makaa.

Nimesoma mpango wako wa kuchoma samadi ya kuku kwenye pipa kabla ya kuichanganya na vumbi la makaa utengeneze makaa ya kuuza, ili naitrojeni itoke yote na moshi. Nusu uko sawa. Ule ukali unaowasha macho pipa linapoanza kushika moto ni amonia, na nyingi hutokana na asidi ya yuriki, ile sehemu nyeupe ya mavi ya kuku. Hiyo huondoka mapema. Moshi huohuo unaweza kuwa na sianidi ya haidrojeni pia, gesi ya sumu, kwa hiyo simama upande upepo unakotoka, wala usiinamie pipa kuchungulia.

Nusu iliyobaki ndiyo kaidi. Joto likipanda, kaboni hujipanga pete kwa pete kama sega la nyuki, na atomu za naitrojeni hukaa humo humo, mahali pa kaboni. Baadhi huanzia kwenye pete za atomu tano, zile za piroli. Ukivuka nyuzi 600 hivi za Selsiasi, pete hizo hujipanga upya: nyingine huwa za piridini, zenye atomu sita, ukingoni, nyingine huzama katikati, naitrojeni ikashikwa na kaboni tatu. Hiyo haitoki kwa urahisi. Inangoja kaboni inayoizunguka iungue, yaani jikoni kwa mteja wako!

Ikiachiliwa hapo, sehemu yake hutoka kama nitriki oksaidi, gesi chafu ya naitrojeni na oksijeni. Najua utaniambia hewa yenyewe ni naitrojeni asilimia 78. Sawa, lakini ile ya hewani atomu zake zimefungana mbili mbili kwa vifungo vitatu, na moto wa kuzitenganisha kwa wingi ni wa nyuzi 1500 na zaidi. Jiko la makaa halifiki huko. Nitriki oksaidi ya jikoni karibu yote imetoka ndani ya makaa.

Kinachonifurahisha ni kwamba makaa hayohayo huipunguza. Gesi ikipenya kwenye makaa mekundu, kaboni huinyang'anya oksijeni, na naitrojeni hurudi kuwa ile ya kawaida ya hewani. Si yote, lakini si haba. Usije tu ukajaza jiko pomoni na kufunga dirisha kwa sababu hiyo. Kaboni monoksaidi haina harufu, na ndiyo inayoua watu usingizini msimu kama huu.

Mimi ningepeleka samadi kwenye sukuma wiki, inakohitajika, na pipa nilijaze makapi ya miwa. Huko kwenu yamejaa na naitrojeni yake ni kidogo. Kama ushachoma pipa la kwanza, nipe kipakiti kwa basi la usiku, nikipime maabara.

Wako,
Otieno