Karatasi mbili za ECG

Tanga, 9 Juni

Shoga yangu,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Picha za karatasi za ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ya binti yako na ya baba, nimezipata. Mashine imezipa zote mbili jina moja, "si ya kawaida", nawe ukakesha ukimlilia mtoto, ya baba ukaiweka kando, ati mzee wa miaka 78 moyo lazima uchoke. Umegeuza mambo, mwenzangu.

Tazama juu ya karatasi ya binti: pa kuandika umri pako wazi. Mashine imempima mtoto wa miaka mitano kwa kipimo cha mtu mzima! Yale mawimbi ya T (alama ya moyo ukijiandaa kwa pigo lijalo) yaliyoinama kwenye V1 hadi V3, zile waya za kifuani, ningeyaona kwa baba ningeshtuka. Kwa binti ndiyo maumbile. Tumboni mwa mama, upande wa kulia wa moyo ndio unaobeba kazi kubwa, hivyo mtoto huzaliwa nao ukiwa mnene, na alama yake hubaki kwenye karatasi miaka mingi. Wimbi hilo la V1 lingekuwa limesimama, hapo ndipo ningeanza kuuliza maswali. Mapigo kuongezeka akivuta pumzi na kupungua akiitoa, watoto wengi wako hivyo. Na 102 kwa dakika si mbio kwa umri wake.

Sasa baba. Uzee huchakaza kweli njia za umeme wa moyo. Ningeona PR, muda wa umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo hadi vya chini, imerefuka kidogo tu, ningekwambia msubiri kliniki. Lakini kwake wimbi la P, alama ya umeme wa vyumba vya juu, halipo kabisa, na mapigo yanakuja ovyo ovyo. Hiyo ni fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga sawasawa. Wazee wengi wanayo, ila wingi wao hauiondolei hatari: damu huganda kwenye chumba cha juu, bonge likichomoka likaenda ubongoni, ni kiharusi. Angekuja nayo kijana wa miaka 25 hapa kwetu, ningefikiria kwanza vali, mlango wa damu ndani ya moyo, iliyoharibiwa na homa ya rumatiki. Kwa baba nafikiria ile presha aliyoidharau.

Mpeleke kesho, muulize daktari kuhusu dawa ya kuzuia damu kuganda. Usimnunulie aspirini dukani ukadhani yatosha. Na umri autaje wa kweli, si ile 70 anayowaambia watu msikitini. Kuanzia 65, miaka yenyewe huhesabiwa katika alama za hatari ya kiharusi, na kuanzia 75 huhesabiwa mara mbili.

Wako,
Z.