Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu wa Tanzania: mwenendo wa kesi ya kaka yangu

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Kaka yangu anatumikia miaka 30 jela kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Sikuombi uingilie rufaa yake, najua hairuhusiwi. Nakuandikia kwa sababu rufaa hiyo haiwezi hata kuanza: mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, haujatoka.

Sheria inampa aliyehukumiwa siku 10 kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 kuwasilisha sababu zake. Kaka alitoa kusudio siku ya tatu, akaweka dole gumba mbele ya afisa wa magereza. Nikadhani kazi kubwa imekwisha. Leo ni mwezi wa 14, na kila nikifika masjala ya mahakama iliyomhukumu naambiwa bado unachapwa. Siku moja karani alinihurumia, akanifunulia jalada. Ni mwandiko wa mkono, karatasi zimefungwa kwa kamba nyeupe, na doa la chai limetanda juu ya maelezo ya shahidi wa pili.

Shahidi huyo ndiye kesi yote. Alisema alimtambua kaka usiku, kwa mwanga wa taa ya nje. Mheshimiwa, tangu 1980, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu mno, na mahakama isiutegemee mpaka ijiridhishe kwamba hakuna uwezekano wa mtu kufananishwa. Alimwona kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Alimfahamu kabla?

Kaka hakuwa na wakili. Alisimama mwenyewe akauliza, "Hiyo taa ilikuwa na mwanga kiasi gani?" Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nikamsikia shahidi akijibu, "Wa kawaida tu." Je, maneno hayo yaliandikwa? Majaji wa Mahakama Kuu hawatasikia nilichosikia mimi, watasoma kilichomo kwenye jalada. Na kaka ataandikaje sababu za rufaa bila kujua ndani yake mna nini?

Najua siku za kusubiri nakala hazihesabiwi katika zile 45. Nashukuru kwa hilo, maana rufaa haifi. Lakini kifungo kinaendelea kuhesabiwa, na rufaa ikishinda miaka hiyo hataipata tena.

Naomba mfungwa aliyetoa kusudio awekewe siku maalumu ya kukabidhiwa mwenendo na nakala ya hukumu mkononi, na siku hiyo ikipita jalada liitwe mahakama ya juu, mhusika aeleze. Naomba pia apewe nakala kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na mashahidi wote wa kesi hii walizungumza Kiswahili, ila kurasa nilizoonyeshwa ni za Kiingereza. Kaka hasomi Kiingereza. Anayepinga kifungo cha miaka 30 asilazimike kuombaomba wa kumsomea maneno yake mwenyewe.

Jumatatu nitakuwa tena masjala. Kaka ameniagiza, nikiupata mwenendo, kabla ya yote nitafute ile taa.

Kwa heshima,
Dada wa mrufani